Visima Vingi, Waya Mmoja

Tarehe 21 Mei, 2008, umeme ulikatika katika kisiwa kizima cha Unguja. Hitilafu ilitokea katika njia inayouleta umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, wala haikutengenezwa kwa siku moja au juma moja. Taa hazikuwaka tena mpaka katikati ya mwezi wa Juni, wiki nne baadaye. Waliokuwapo hulikumbuka giza, hukumbuka mishumaa na makelele ya jenereta za wenye uwezo. Lakini giza halikuwa taabu kubwa kuliko zote, maana mwanadamu huweza kulala gizani. Taabu kubwa ilikuwa mferejini: watu waliufungua, ukatoa upepo kidogo, kisha ukanyamaza.

Unguja haina mito mikubwa. Mvua inayonyesha hupenya katika mawe ya matumbawe na kuhifadhika ardhini, na maji hayo hutolewa kwa visima virefu vyenye pampu za umeme, yakapelekwa kwenye matangi na kugawanywa mjini. Kabla ya siku ile, mtu aliyeulizwa mji una vyanzo vingapi vya maji angevihesabu visima, na hesabu yake ingekuwa ndefu ya kutosha kumridhisha muulizaji. Siku ile ilidhihirika kwamba hesabu hiyo ilikuwa na kasoro. Visima vilikuwa vingi, ila waya uliovilisha ulikuwa mmoja. Na waya uliposhindwa, vyote vilishindwa pamoja, kana kwamba vilikuwa kisima kimoja.

Tukio hilo lingeweza kusamehewa kama lingetokea mara moja. Tarehe 10 Desemba, 2009, chini ya miaka miwili baada ya funzo la kwanza, umeme ulikatika tena kisiwani, na mara hii giza lilidumu miezi mitatu, hata Machi 2010. Madumu na ndoo zilirudi barabarani, visima vya kale vya mitaani vikafunuliwa, na bei ya maji ya mkokoteni ikawa habari ya kila baraza. Waya wenyewe ulikuwa umelazwa mwaka 1980 kwa msaada wa Norway, ukiwa na uwezo wa megawati 45, na umri wake haukuwa siri kwa mtu yeyote mwenye kujua hesabu ya kutoa. Waya mwingine wa megawati 100 ulikamilika mwaka 2013. Hilo lilikuwa jambo jema kwa umeme. Kwa maji, swali lililoulizwa na giza lile linabaki palepale: ikiwa umeme utakatika tena, kwa sababu yoyote iwayo, nani atafanya nini katika saa ya kwanza, siku ya kwanza na juma la kwanza ili watu wanywe maji salama?

Swali hilo si la Unguja peke yake. Mji wa Dar es Salaam hujivunia mitambo miwili mikubwa, Ruvu Juu na Ruvu Chini. Ni mitambo miwili kweli, lakini mto ni mmoja. Mvua za vuli zilipochelewa mwaka 2022, mto ulipungua, na mwishoni mwa Oktoba mji ukaingia katika mgao wa maji, uzalishaji ukiwa umeshuka hadi kiasi cha lita milioni 300 kwa siku. Mwezi uliofuata vilizinduliwa visima virefu vya upande wa Kigamboni, na huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu maji yaliyo chini sana ardhini hayategemei mvua ya mwezi huu au ujao. Hata hivyo, ifahamike kwamba visima hivyo vimeuongezea mji chanzo cha pili dhidi ya ukame tu. Dhidi ya kukatika kwa umeme havikuongeza chochote, maana pampu ya kisimani na pampu ya mtoni zote husimama saa ileile gridi ya taifa inapozimika, kama ilivyozimika alfajiri ya tarehe 1 Aprili, 2024.

Goma, upande wa mashariki wa Kongo, ni mfano mkali zaidi. Mji huo umekaa ukingoni mwa ziwa Kivu, na mtu anayelitazama ziwa hilo hawezi kufikiri kwamba maji yataadimika. Mnamo Julai 1994 wakimbizi wengi mno kutoka Rwanda waliingia katika eneo hilo, mahali ambapo ardhi ni mwamba wa volkeno usiochimbika vyoo, wakanywa maji ya ziwa kama yalivyo. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wanaokaribia 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara. Tarehe 22 Mei, 2021, mlima Nyiragongo ulilipuka, moto wake ukakata mabomba na kuharibu tangi kubwa, na watu wapatao nusu milioni wakakosa maji ya bomba. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliufikia mji, umeme ukakatika, pampu zikasimama, na kwa mara nyingine watu waliteremka ziwani na madumu. Sababu zilikuwa tatu mbalimbali, nazo ni wakimbizi, volkeno na vita. Ziwa halikupungua hata mara moja.

Kutokana na mifano hii yafaa itamkwe kanuni moja ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuielewa: vyanzo viwili vinavyotegemea kitu kimoja ni chanzo kimoja. Mpango wa dharura wa maji unaoanza kwa kuorodhesha visima, matangi na mitambo umeanza pasipo. Hauna budi kuanza kwa kuuliza kila kimojawapo kinategemea nini: umeme gani, barabara gani ya kuletea dawa na mafuta, daraja gani linalobeba bomba, na fundi yupi ajuaye vali zilipofukiwa. Hapo ndipo orodha ndefu hufupika, na ufupi wake ndio ukweli wa mambo.

Wako watakaosema kwamba maneno haya ni rahisi kuandikwa, lakini nchi maskini haina fedha za kuweka mitambo miwili mahali panapotosha mmoja. Hoja hii husemwa mara nyingi, na ingekuwa na nguvu kama lengo la mpango wa dharura lingekuwa kuwapa watu maji yote waliyozoea. Lengo silo hilo. Viwango vinavyotumiwa na mashirika ya misaada husema kwamba katika dharura mtu mmoja ahitaji lita 15 kwa siku za kunywa, kupikia na usafi wa lazima. Na ipigwe hesabu kwa mji wa watu laki mbili, ambao ndio ukubwa wa Wilaya ya Mjini, Unguja, katika miaka ile. Watu laki mbili wakipewa lita 15 kila mmoja, mahitaji ni lita milioni tatu, yaani mita za ujazo 3,000 kwa siku. Maji hayo yakipandishwa mita 30, kazi inayofanyika ni uzito wa maji kuzidishwa kwa kimo: kilo milioni tatu, mara 9.8, mara 30, jumla jouli milioni 882. Kwa kipimo cha umeme hizo ni kilowati-saa 245. Pampu hazifanyi kazi kwa ukamilifu. Tuseme nusu ya nishati hupotea. Basi zahitajika kilowati-saa 490 kwa siku, ambazo zikigawanywa kwa saa 24 hutoa wastani wa kilowati 20 hivi.

Nambari hiyo yastahili kutazamwa mara mbili. Waya ulioshindwa ulikuwa wa megawati 45, yaani kilowati 45,000. Maji ya kuokoa maisha ya mji mzima yalihitaji, kwa hesabu ya ubaoni, kilowati 20. Jenereta ya dizeli hutumia karibu theluthi moja ya lita kwa kila kilowati-saa, na kwa hiyo mafuta ya siku nzima hayapungui sana chini ya lita 160, wala hayajazi pipa moja la lita 200.

Ni kweli kwamba hesabu ya ubaoni haijui mabomba yanayovuja, visima vilivyotawanyika kila kimoja na pampu yake, wala watu wa mwisho wa bomba ambao maji hayawafikii hata siku za kawaida. Fundi wa maji ataicheka, na atakuwa na haki. Na azidishe basi mara kumi. Zitatoka kilowati 200 na mapipa manane ya dizeli kwa siku. Huo si mzigo unaoishinda serikali, wala halmashauri. Ni mzigo wa lori moja. Kinachokosekana si fedha. Ni uamuzi uliofanywa mapema wa kusema visima vichache hivi ndivyo vitakavyoendeshwa, jenereta hii ndiyo itakayopelekwa pale, soketi yake imekwisha fungwa ukutani, mafuta yake yamo ghalani na mwenye ufunguo wa ghala anajulikana kwa jina. Jenereta inayoanza kutafutwa baada ya umeme kukatika huja imechelewa, huja kwa bei ya kurushwa, na aghalabu hufika ikiwa na plagi isiyoingia.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi, hata wasomi, hawalijui barabara, nalo ni kwamba hatari ya mfereji mkavu haimo katika ukavu wake tu. Bomba lililo chini ya ardhi huwa na nyufa na maungio yaliyolegea. Maadamu maji yamo ndani kwa kanieneo kubwa, yatavuja kwenda nje, nayo ni hasara tu. Kanieneo ikianguka, mambo hugeuka: maji machafu yaliyolizunguka bomba, pengine ya mtaro au ya shimo la choo, hunyonywa kuingia ndani. Kwa hiyo maji ya kwanza yanayorudi baada ya mgao, yale ambayo kila mama huyakimbilia kwa furaha, ndiyo yenye mashaka kuliko yote. Katika mifumo inayotoa maji kwa zamu, hali hii hurudiwa kila siku. Klorini inayobaki majini ndiyo kinga, nayo hupungua kadiri maji yanavyosafiri na kukutana na uchafu; mfereji wa mbali zaidi ndio unaopasa kupimwa kwanza, si ule ulio mlangoni pa mtambo.

Kipindupindu ndicho hakimu wa mwisho wa mipango hii. Pwani ya Afrika Mashariki yakijua tangu zamani. Daktari James Christie, Mskoti aliyekuwa tabibu wa Sultani, aliuona ugonjwa huo ukiuangamiza mji wa Zanzibar mwaka 1869 na 1870, na kitabu alichokitoa London mwaka 1876 kimebaki miongoni mwa kumbukumbu kuu za ugonjwa huo katika Afrika. Sayyid Barghash, aliyekalia kiti mwaka 1870 maradhi yakiwa bado hayajasahauliwa, ndiye aliyeleta mjini maji ya bomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Maji hayo yalikuja kwa mserereko, yakishuka yenyewe kutoka mahali pa juu. Hayakuhitaji makaa wala mvuke. Si nia ya makala haya kumsifu Sultani, bali kukumbusha kwamba maji yashukayo yenyewe ni aina ya chanzo ambacho hakuna waya uwezao kukikatiza. Na mahali popote penye chemchemi iliyo juu ya mji, au mlima wa kujengea tangi, mpango wa dharura uanzie hapo kabla ya kuwaza jenereta. Miaka mia na arobaini na mitano baada ya Christie, kuanzia Agosti 2015, kipindupindu kilianzia Dar es Salaam na kuenea, na nchini wakaugua watu zaidi ya 20,000 kabla hakijatulizwa.

Pamoja na mitambo na dawa, yapo maradhi mengine yanayozuka katika dharura, nayo ni kuficha. Mwezi wa Mei 2000, katika mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada, mvua kubwa zilisomba samadi ya ng'ombe na vijidudu vyake hadi katika kisima cha maji ya mji. Waliokuwa na dhamana ya mtambo hawakuwa wakipima klorini ipasavyo, na katika daftari waliandika vipimo vya uongo. Tarehe 17 Mei walipata majibu ya maabara yaliyoonyesha kwamba maji yamechafuka. Walipoulizwa na maofisa wa afya, walijibu kwamba maji ni salama. Amri ya kuchemsha maji ilitolewa tarehe 21, na ofisi ya afya yenyewe, iliyokwisha kushuku kwa kuwaona wagonjwa. Mji ulikuwa na watu wapatao 5,000. Waliugua 2,300 hivi, wakafa 7. Kanada haikuwa na upungufu wa fedha, umeme, maabara wala wataalamu. Siku nne za uongo zilitosha.

Hapa kwetu si haba kusikia hoja kwamba wananchi wasitangaziwe mapema, wasije wakaingiwa na hofu. Hoja hiyo inawadharau wananchi. Mwananchi aliyeambiwa saa mbili asubuhi kwamba maji ya leo yachemshwe atanung'unika, kisha atachemsha. Asiyeambiwa atakunywa. Na baadaye, atakapogundua kwamba wakubwa walijua, hata tangazo la kweli hatalisadiki. Kwa hiyo mpango uandike wazi nani ana mamlaka ya kutangaza bila kungoja idhini kutoka juu, na maneno ya tangazo yawe yamekwisha kuandikwa kwa Kiswahili chepesi, pakibaki nafasi tu ya kujaza jina la mtaa na tarehe. Redio, misikiti, makanisa, mashule na simu za mkononi zote zitumike. Katika giza la 2008, kengele ya mwalimu ingesikika mbali kuliko televisheni isiyowaka.

Mpango ulioandikwa na kuwekwa kabatini hauna thamani kubwa kuliko karatasi yake. Mamlaka za maji zina desturi ya kuajiri washauri, na washauri wana desturi ya kuleta majalada manene yenye jalada zuri. Lakini fundi wa zamu usiku wa manane hasomi kurasa mia mbili. Ahitaji karatasi moja ukutani, iliyofunikwa kwa plastiki, yenye ramani ya vali na majina ya watu watano. Juu ya hayo ahitaji mazoezi. Mara mbili kwa mwaka mamlaka ingeuzima umeme wa kituo kwa makusudi, mchana kweupe, kwa saa sita, baada ya kuwatangazia watu, ili ionekane kama jenereta itawaka, kama vali iliyoandikwa katika ramani ipo, na kama hospitali itapata maji kabla ya hoteli. Mazoezi ya namna hiyo yatafedhehesha. Yatafichua betri zilizokufa na vali zilizojengewa nyumba juu yake. Ndiyo maana hayapendwi, na ndiyo maana yanahitajika.

Mashule yana nafasi yake katika kazi hii, na nafasi hiyo si ya kuimba nyimbo za usafi siku ya maadhimisho. Shule ni mahali ambapo watu mia kadhaa hukaa chini ya bati moja, mara nyingi na tangi moja, na ndani yake yumo mwalimu wa kemia, wa fizikia na wa biolojia. Chukua tangi la lita 5,000 lililojazwa maji yasiyoaminika. Ikiwa klorini inayotakiwa ni miligramu 2 kwa lita, jumla ni gramu 10. Na unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 utahitajika kiasi cha gramu 15, kipimo kinachoweza kufanywa kwa mizani ya maabara ya shule yoyote. Unga huo ukorogwe kwanza katika ndoo ya maji, umiminwe tangini, na kungojwe nusu saa. Kisha klorini iliyobaki ipimwe, isipungue miligramu 0.5 kwa lita. Maji yakiwa na tope, yatulizwe kwa shabu au yachujwe kwanza, kwa sababu tope huila klorini na kuwaficha vijidudu. Na mwalimu akumbuke kwamba unga huo hupoteza nguvu ukikaa, hasa penye joto na unyevu, wala haupaswi kukaribiana na tindikali au mafuta. Unga ulionunuliwa miaka mitatu iliyopita na kusahauliwa stoo ni faraja ya uongo.

Vivyo hivyo bati la darasa. Paa la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita 10 huteremsha lita 2,000, pungufu kidogo kwa yanayoruka na yanayopotea. Shule nyingi huyaacha maji hayo yachimbe korongo uwanjani.

Kisha na hesabiwe siku. Katika shule ya kutwa yenye wanafunzi 600, kila mmoja akitengewa lita 3 za kunywa na kunawa, zahitajika lita 1,800 kwa siku, na tangi la lita 5,000 litamalizika kabla siku ya tatu haijaisha. Katika shule ya bweni yenye idadi ileile, ambako lita 15 kwa kila mmoja ndicho kiasi cha chini, mahitaji ni lita 9,000. Tangi hilo likiwa limejaa alfajiri, usiku litakuwa tupu, na wanafunzi wote 600 watakuwa bado wako pale.